Mwalimu Naye Ana Watoto: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu Uganda

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Katibu Mkuu wa Wizara,
Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Elimu,
Waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Elimu,

Asalaam alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote, kila mmoja kwa cheo chake.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya serikali na ni mama wa watoto watatu. Nimezaliwa na kukulia Bombo, ambako Kinubi, Kiganda na Kiswahili husikika katika duka moja kwa wakati mmoja, kwa sababu ya sisi Wanubi na kwa sababu ya kambi ya jeshi. Mume wangu naye ni mwalimu, wa shule ya msingi. Kwa hiyo kila linaloamuliwa katika ofisi zenu hutufikia nyumbani mara mbili.

Nina jambo moja la kuwaomba, na nalitanguliza ili msihangaike kulitafuta: mnapopanga mambo ya shule, mpange mkikumbuka kwamba mwalimu naye ana watoto. Ana anayenyonya, ana mwenye homa, ana wa darasa la tatu anayengoja kusikilizwa akisoma. Likizo, zamu, uhamisho, nyumba na mishahara yetu vimepangwa kana kwamba mwalimu hana pa kwenda akishatoka darasani. Kwa niliyoyaona kwa macho yangu, anayeumia si mwalimu peke yake. Mwanafunzi naye anaishia kupata nusu ya mwalimu.

Nianze na furaha, kwa kuwa siandiki barua hii kwa kuichukia kazi.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, kifungua mimba wangu alikuwa hajajua kusoma. Hakuna kati yetu aliyedhani kwamba zingekuja kufunguliwa kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Mshahara wa serikali uliendelea kuingia, na kwa hilo nashukuru, maana walimu wengi wa shule za binafsi walikatiwa. Wapo walioendesha boda, walioponda kokoto, waliouza mkaa, na wapo ambao hawakurudi darasani hadi leo. Mimi nilikaa na mwanangu barazani. Tulianza na ba, be, bi, bo, bu, tukiandika mchangani kwa kijiti kwa kuwa madaftari yalikuwa yakiisha haraka. Siku moja bibi yake alianika leso uani. Mtoto akasimama mbele ya kamba, kidole juu, akaanza kuufuata ule msemo wa kwenye leso silabi kwa silabi, akirudi nyuma kila alipopotea, mpaka akaumaliza. Kisha akausoma tena, safari hii kwa sauti iliyomtoa bibi yake jikoni. Nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kushuhudia kwa ukaribu ule herufi zikigeuka kuwa maneno kichwani mwa mtoto.

Furaha ile niliingia nayo darasani. Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha kwanza akikwama katikati ya sentensi, najua anakwama wapi, na naiona dakika ile aibu inapoanza kumfunga mdomo, kwa kuwa niliiona kwanza kwa mwanangu. Akija asubuhi amenuna, swali langu la kwanza ni kama amekula. Hayo sikuyapata katika semina yoyote. Niliyapata kwa kulea, na serikali inayatumia kila siku bila kuyaandika popote. Mkiilinda nyumba ya mwalimu, mmelilinda na darasa lake.

Sasa niwaeleze habari ya stoo ya vitabu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na angalau wiki nne kati ya hizo ziwe baada ya kujifungua. Siku 60 za kazi ni wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo. Pigeni hesabu wenyewe: mwalimu anarudi kazini mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, na wengi wetu huanza likizo siku kadhaa kabla ya uchungu, kwa hiyo mtoto huachwa mdogo zaidi ya hapo. Ile miezi mitatu na zaidi inayobaki hakuna aliyeiwekea mpango wowote. Sheria inanyamaza, ratiba ya masomo inanyamaza, na ramani ya majengo ya shule inanyamaza.

Shuleni kwetu chumba cha walimu ni kimoja, wanaume kwa wanawake, na wanafunzi huingia na kutoka na madaftari. Kwa hiyo mtoto wangu wa pili nilimnyonyeshea stoo. Saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, yaya alimleta hadi getini, nami nikakimbia kumchukua. Nilikaa juu ya katoni ya vitabu vya Jiografia, mgongo nimeuegemeza mlangoni, kwa kuwa komeo la stoo liko nje na ndani hakuna cha kufungia. Vumbi la vitabu lilimpigisha mtoto chafya. Kengele ikilia, yaya alimpokea akiwa bado anatafuta titi, nami nikaingia kidato cha tatu na doa la maziwa kwenye gauni, nimelifunika kwa daftari la mahudhurio. Wa tatu alipozaliwa, nilirudi kwenye katoni ile ile.

Kati ya mtoto wa pili na wa tatu, humo humo stoo nilimpeleka mwanafunzi wangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2022, shule zimefunguliwa upya. Wizara ilikuwa imeelekeza kwamba wasichana waliopata mimba wakati wa korona na wale wanaonyonyesha wapokewe shuleni waendelee na masomo. Mgala muue na haki umpe. Lile lilikuwa agizo la haki, na mwongozo wenu kuhusu mimba za wanafunzi, uliorekebishwa mwaka 2020, ulikuwa umeshaliwekea msingi. Bila hilo wasichana wengi wangepotelea nyumbani. Nimewahi kubishana na wazazi waliolipinga agizo hilo, na nitaendelea kubishana nao.

Lakini binti huyu alikaa dawati la nyuma, amevaa sweta la shule katika joto la Februari, mikono ameikunja kifuani. Nilipompita nikajua. Wenzake hawakujua, na walimu wanaume hawakuwa na njia ya kujua. Maziwa yalikuwa yamejaa na mtoto wake yuko kijijini na nyanya yake mpaka jioni. Baadaye aliniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa akienda kuyakamua chooni, kwenye vile vyoo vya shimo vya wasichana, huku wenzake wamepanga foleni nje wakigonga mlango. Siku ile nilimtuma mbele ya darasa akaniletee vitabu stoo, nikamfuata, nikasimama nje ya mlango mpaka alipomaliza. Tukafanya hivyo muhula mzima, vitabu vikienda na kurudi.

Tulimwambia binti huyu arudi shule. Hatukumwambia maziwa yake ayapeleke wapi. Na hatukuwa na la kumwambia, kwa sababu hata mwalimu wake alikuwa hana pa kwenda.

Kinachohitajika ni chumba kimoja chenye komeo la ndani, kiti chenye mgongo, maji ya kunawa, pazia, na mkeka wa kumlaza mtoto. Chumba hicho kingewafaa wote wawili, mwalimu na mwanafunzi. Ibara ya 33 ya Katiba inaitaka serikali iwalinde wanawake kwa kuzingatia hali yao ya kipekee na jukumu lao la uzazi. Ibara ya 40 inamtaka kila mwajiri ampe mfanyakazi mwanamke ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Mwajiri wangu ni serikali. Sidai kitu kipya, nadai kile ambacho Katiba imeshanipa tangu 1995.

Na baba je? Sheria ile ile ya 2006 inampa siku nne za kazi. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Siku ya tano mume wangu alikuwa ubaoni, mimi siwezi kuinuka kitandani bila kushikwa, na mama mkwe amesafiri usiku kucha kuja kunichotea maji ya kuoga. Sikuwahi kumsikia mume wangu akilalamika. Niliyemsikia akilalamika ni mwanafunzi wake, mtoto wa jirani, aliyekuja kuniuliza kwa nini mwalimu siku hizi anasinzia. Mwalimu wa kiume anaambiwa kila siku kwamba awe mlezi wa watoto 80 darasani, kisha anaonekana wa ajabu akiomba wiki mbili za kulea wake mwenyewe.

Niseme juu ya zamu, maana nje ya shule watu hawaijui. Katika shule yenye bweni, mwalimu wa zamu hufika saa kumi na mbili asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye masomo ya alfajiri. Husimamia uji, mstari wa asubuhi, usafi, posho (yaani ugali) na maharage ya mchana, michezo, chakula cha jioni, kisha masomo ya usiku mpaka saa tatu, wakati mwingine zaidi, na katikati ya yote hayo vipindi vyake viko pale pale. Zamu huchukua wiki nzima. Katika wiki hiyo mwalimu mwenye watoto wadogo huwaona wakiwa wamelala, asubuhi na usiku. Ninao wenzangu wanaolea peke yao, mjane mmoja kati yao, ambao huwaleta watoto wao kwenye masomo ya usiku na kuwalaza juu ya dawati mbili zilizounganishwa, taa zinawaka, mbu wanalia. Siombi zamu ifutwe, maana watoto wa bweni lazima wawe na mtu mzima wa kuwaangalia. Naomba shule zielekezwe kwamba mwalimu anayenyonyesha, au anayelea mtoto mdogo peke yake, apangiwe sehemu ya mchana tu, na sehemu ya usiku ichukuliwe na mwingine kwa posho inayojulikana. Jambo hilo walimu wakuu wengine wanalifanya kwa utu wao. Lakini utu wa mtu mmoja huhama naye akihamishwa. Likiwa kwenye waraka, linabaki.

Kazi yenyewe pia imeongezeka. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 naupenda, na sitaki mtu yeyote anihesabu miongoni mwa wanaoupinga. Umemtoa mwanafunzi kwenye kukariri, na kwangu umempa nafasi ya kutunga, kujadiliana na kuigiza kwa Kiswahili. Lakini kundi la kwanza lililofanya UCE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kwa mtaala huo mwaka 2024 lilihesabiwa asilimia 20 ya matokeo yake kutoka kazi za shuleni, na alama hizo huzalishwa na mwalimu: kila mada ina kazi yake, kila kazi inasahihishwa, inaandikiwa maelezo, inaingizwa na kutumwa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mkondo wangu mmoja una wanafunzi wapatao 80. Mtaala huo huo umekifanya Kiswahili somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Moyo wangu ulifurahi siku ile. Lakini walimu wa Kiswahili ni wachache nchini, na shule nyingi zina mmoja au hazina kabisa. Mimi ndiye huyo mmoja. Alama naziingiza usiku, kwa simu, mtoto wa mwisho amelala mapajani, na kila anapogeuka mkono wake hugusa kioo cha simu na safu nzima inapotea.

Kuhusu mishahara sitakwenda mbali, kwa sababu UNATU, chama chetu cha walimu, wamelisema kwa mgomo wa Juni 2022, na walimu wa masomo ya sanaa wakalisema tena Juni 2025. Mwaka wa fedha wa 2022/23 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishwa hadi shilingi milioni 4, na mwenye stashahada hadi milioni 3. Sisi wa sanaa tulibaki pale pale, na mwalimu wa shule ya msingi kama mume wangu akabaki chini ya laki tano. Simwonei kijicho mwenzangu wa Fizikia. Anastahili kila shilingi, na ningependa aongezewe. Ninachotaka mkione ni nyumbani. Watoto wetu na wake wanacheza uwanja mmoja, wazazi wao wanaingia shule moja saa ile ile, wanatoka saa ile ile, wamesoma chuo kikuu miaka ile ile. Binti yangu aliniuliza kama mimi nilifeli shule. Nilimjibu kwamba sikufeli. Akaniuliza, basi kwa nini? Mheshimiwa Waziri, swali hilo silijibu tena, nalileta kwako, kwa kuwa jibu lake liko kwenye bajeti.

Na karo, jamani. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, ya sekondari ikafuata 2007, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwa dhati kwamba yalikuwa maamuzi makubwa kwa taifa hili. Lakini ukikaa nasi chumba cha walimu mwanzoni mwa muhula utasikia mazungumzo ya aina moja tu: nani anajua mahali pa kukopa. Mwalimu anakopa kwa dhamana ya mshahara kumlipia mtoto wake, benki inakata kabla yeye hajaugusa, halafu anasimama mbele ya darasa kuwaambia watoto wa wenzake kwamba elimu ni ufunguo. Wengine wanafundisha shule mbili ili kuziba pengo. Wakifika shule ya pili wamechoka, wakifika nyumbani wameisha. Watoto wao wanawajua kwa mgongo.

Limebaki la uhamisho, na hili linaniuma kuliko mishahara.

Walimu wa sekondari hatuajiriwi na wilaya. Tunaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Elimu, na wizara inatupangia popote nchini. Naikubali misingi ya mpango huo, kwa sababu watoto wa kila kona ya nchi wanastahili mwalimu. Mimi nilipangiwa mashariki, safari ya kutwa nzima kutoka Bombo kwa mabasi mawili na boda. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu, na chumba nilichopanga sokoni hakikuwa mahali pa kulelea mtoto mchanga, ukuta mmoja na kilabu cha pombe. Kwa hiyo kifungua mimba wangu alipoacha kunyonya nilimwacha kwa mama yangu. Niliporudi likizo alikuwa anamwita bibi yake “mama”, na mimi ananiita kwa jina langu, kama alivyowasikia watu wazima wakiniita. Nilimchukua kifuani akajinyoosha mwili wote kumrudia bibi yake. Mama yangu alilia kunishinda.

Niliandika barua za kuomba uhamisho. Katika ofisi moja niliambiwa kwamba mtoto si sababu, maana kila mtu ana mtoto. Kweli kila mtu ana mtoto, na Ibara ya 34 ya Katiba inasema kila mmoja wa watoto hao ana haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao. Ibara ya 31 inasema kulea ni haki na wajibu wa mzazi. Uhamisho wangu ulikuja hatimaye, na nikarudi karibu na nyumbani. Ule wakati haukurudi. Mwanangu sasa ni mkubwa, ananipenda, ananiita mama, na bado akiugua usiku humwita bibi yake kwanza.

Ninajua wapo walimu wanaotumia watoto kama kisingizio ili wasikae vijijini. Wapo, na ndiyo maana naomba utaratibu badala ya huruma. Fomu ya uhamisho iwe na sehemu ya kueleza familia: mwenzi anafanya kazi wapi, watoto wana umri gani, yupo mwenye ulemavu au maradhi ya kudumu. Maombi yajibiwe ndani ya muhula mmoja, kwa maandishi, na sababu itajwe hata kama jibu ni hapana. Walimu wawili waliooana wasitenganishwe bila kuulizwa. Na kila shule mpya ya sekondari inayojengwa mashambani, ramani yake iwe na nyumba za walimu tangu mwanzo, zenye vyumba vya kutosha mtu kukaa na watoto wake. Mwalimu aliyepata pa kulala na wanawe hatafuti uhamisho kila muhula. Mti hauendi ila kwa nyenzo.

Nisiache la shahada. Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Mume wangu ameanza masomo yake, na anasoma wakati wa likizo kama wenzake wengi, kwa ada yake mwenyewe. Ninaheshimu lengo la sera hiyo. Lakini likizo ndiyo ilikuwa wiki pekee ambazo watoto wetu walimwona baba yao mchana. Mdogo huuliza kama baba naye ana bweni. Kama taifa linataka walimu wasomi, basi liwape muda wa kusoma ndani ya kazi, angalau siku moja kwa wiki, na lichangie ada, badala ya kuuchukua muda huo wote kwa watoto wao.

Waheshimiwa, mkinitaka nichague pa kuanzia, sitaanza na mishahara, ijapokuwa naidai. Najua mishahara inapita Wizara ya Fedha na Bunge, na itachukua muda. Siku za likizo ya uzazi, za mama na za baba, zinahitaji sheria kubadilishwa, na hilo nawaachia ninyi wabunge, nikiwaomba msilifikishe mwisho wa Bunge hili likiwa halijaguswa. Chumba cha kunyonyeshea hakihitaji sheria mpya. Kinahitaji waraka wa Katibu Mkuu kwa walimu wakuu wote, na ruhusa kwa shule kutumia sehemu ya fedha za matengenezo kukitayarisha. Mpangilio wa zamu unaweza kuingia katika waraka huo huo. Fomu ya uhamisho ni karatasi, na inaweza kubadilishwa kabla ya muhula wa kwanza wa mwaka ujao.

Naomba pia, mnapoandika waraka huo, mwaulize walimu wenyewe. Waulizeni wanawake wanaofundisha vijijini, waulizeni na wanaume, maana nao wana ya kusema na hawajawahi kuulizwa. Waulizeni wasichana waliorudi shule wakiwa na watoto. Binti niliyemweleza hapa alimaliza kidato cha nne, amekubali niyaandike haya bila jina lake, na yuko tayari kueleza mwenyewe mkimwita pamoja na mama yake.

Nakala ya barua hii nimeikabidhi kwa mwalimu mkuu wangu na kwa tawi la UNATU la wilaya. Majibu yenu yakija kwa waraka, yatanifikia kupitia ofisi ya shule kama nyaraka nyingine zote, na nitayabandika kwenye ubao wa chumba cha walimu ili wenzangu wayasome.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na mama wa watoto watatu,
Bombo, Wilaya ya Luweero